Mama Aliomba Kalamu

Pine Lick, Kentucky
9 Machi 2016

Twila dada yangu,

Umenikatia simu mara mbili. Mara ya tatu ukamwambia mumeo Dale aseme hupo, na mimi nakusikia hapo nyuma unagongagonga masufuria. Sawa, sijakasirika. Basi nakuandikia, maana barua huwezi kuikatia katikati. Hata ukiichana utakuwa umeshaona mstari wa kwanza.

Iko hivi. Mawakili wa Sourwood wamejibu kesi uliyofungua kama msimamizi wa mirathi ya Mama. Wamepeleka mahakamani karatasi moja ambayo nilisaini mimi, siku ile nilipompeleka Mama kwao baada ya kuvunjika nyonga. Inasema ukitokea ugomvi wowote kati ya Mama na hiyo nyumba yao ya kutunzia wazee, hata akifa, hakuna kwenda mahakamani. Hakuna jaji, hakuna wale wananchi kumi na wawili wa jopo. Mnakaa na msuluhishi kwenye chumba, mlango umefungwa, na mkitoka hapo kila mtu anafunga mdomo wake maisha.

Ni kweli nilisaini. Yule binti wa mapokezi aliniwekea rundo la karatasi nene kama Biblia ya mimbarini. Yeye anafunua, mimi nasaini kila penye kibandiko cha njano. Nani husoma vile vitu? Hata wewe usingesoma. Nilisaini kama mwakilishi wa Mama.

Labda ni heri hivyo. Unawajua watu wa hapa. Habari za Mama zisomwe mahakamani, na vile vidonda vyake, huku Brenda wa posta kakaa mstari wa mbele? Wakitupa chochote tuchukue, tumwache Mama apumzike.

Theluji inayeyuka. Nashinda kwenye greda tangu alfajiri, barabara zote zimekuwa mashimo matupu.

Kaka yako,
Garnett


Toledo, Ohio
15 Machi 2016

Garnett,

Dale anakusalimu. Mimi bado.

“Labda ni heri hivyo.” Nimeusoma huo mstari jikoni shuleni, nimeshika upawa, watoto wamepanga foleni wanasubiri viazi, na nikasahau kabisa nilikuwa nafanya nini. Mpishi mwenzangu akaniuliza, “Twila, kuna msiba?” Nikamwambia msiba ulikwisha, sasa hivi kuna kaka.

Mama aliingia Sourwood nyonga imevunjika na mdomo mzima. Wiki kumi na moja baadaye nikamkuta hospitali, ana kidonda mgongoni unaweza kutumbukiza ngumi, midomo imepasuka kwa kiu. Mtu wa kumgeuza kitandani hakuwepo, wa kumpa maji hakuwepo. Nesi wa hospitali ndiye aliyevuta pazia akaninong'oneza, “Dada, mimi sijakwambia kitu, lakini tafuta wakili kabla hujatafuta jeneza.” Halafu wewe unamwogopa Brenda wa posta?

Sikwenda kwa yule wakili wa kwenye bango la barabara kuu aliyekunja mikono kama bondia. Nimempata Corinne Haddix, ofisi yake iko juu ya duka la kinyozi mjini kwenu hapo. Halipwi mpaka ashinde. Ameniambia mambo wazi. Kwenye chumba kile cha kufungwa mlango hakuna anayesikia, hakuna anayejua, na kwenye kitanda cha Mama mwezi ujao analazwa mama wa mwingine. Mimi nataka watu kumi na wawili wa kaunti yetu wakae chini, waambiwe kwa sauti kilichompata Zella Stidham, halafu waseme wao ni sawa au si sawa. Ndicho ninachopigania. Sina kingine.

Karatasi yako ndiyo mlango wao wa kutorokea. Haddix anataka kuiona ile hati ambayo Mama alikupa, ya kukufanya mwakilishi wake. Mpelekee.

Na hili nikwambie, maana limenikaa kooni. Mimi nilikuwa nampigia kila Jumapili, miaka yote. Alipoamua nani amsemee, akakuchagua wewe. Wala hakuniambia yeye. Ulinitangazia wewe, siku ya Shukrani, Novemba mwaka juzi, bata mzinga yuko mezani, umekunja mikono kama gavana. Sikumuuliza kwa nini. Sasa siwezi tena kumuuliza.

Mpelekee hiyo hati.

Twila


Pine Lick
27 Machi 2016, Pasaka

Twila,

Hati naitafuta. Nadhani iko bandani, au kwenye sanduku la ndoano za samaki. Unajua nyumba ilivyo tangu Peggy aniache. Nikiipata nitampelekea huyo wakili wako.

Jana alinipigia wakili wa Sourwood, yule wa Lexington. Ana sauti laini kama mtangazaji wa mazishi redioni. “Bwana Stidham,” anasema, “wewe ni mtu muungwana, ulitimiza wajibu wako kwa mama yako.” Tangu lini mtu wa Lexington akaniita muungwana? Nilipoweka simu chini nilikwenda kunawa mikono.

Leo kanisani nilipitisha sahani ya sadaka kama kawaida ya shemasi. Nilipofika kwa yule mama wa akina Combs, akanishika mkono, akasema, “Ulimtunza Zella vizuri, Mungu akulipe.” Sikujua pa kuangalia.

Kuna kitu sijakwambia. Nilikuwa naenda kumwona Mama Jumapili baada ya ibada, nusu saa hivi. Kila nikienda, jagi lake la maji liko kwenye meza ya dirishani, na yeye yuko kitandani, hawezi hata kukaa. Nilikuwa namsogezea, anakunywa kama ndama. Jumapili inayofuata, jagi liko tena dirishani. Na harufu ya kidonda niliisikia, Twila. Niliisikia wiki nne kabla ya wewe kuja. Nikamwambia mhudumu mmoja, akasema wako wawili tu zamu nzima, wanafanya wanachoweza. Nikasema “asante” nikaondoka. Asante!

Hilo nilitaka ulijue.

Garnett


Corinne Haddix, Wakili
2 Aprili 2016

Bwana Stidham,

Nimekupigia simu mara nyingi kuliko ninavyowapigia watoto wangu. Sasa naandika, na nitaandika kwa kifupi.

Jaji atasikiliza ombi la Sourwood mwezi wa tano. Swali ni moja tu: je, siku unasaini, mama yako alikuwa amekupa mamlaka ya kumsainia? Ikiwa alikupa, tunakwenda kwenye chumba kilichofungwa na mimi nitafanya nitakachoweza humo. Ikiwa hakukupa, ile karatasi ni ya kufungia samaki. Mamlaka hutoka kwa mwenye jina. Hayatoki kwa anayedai kuwa nayo, hata akidai kwa sauti kubwa kiasi gani.

Nimekwenda kwa karani wa kaunti. Hakuna hati iliyosajiliwa. Dada yako anasema iko kwako, na wewe unasema iko kwenye sanduku la ndoano. Bwana Stidham, mimi nimezaliwa kwenye bonde la pili kutoka kwenu. Sanduku la ndoano nalijua.

Mimi ni wakili wa mirathi ya mama yako, si wakili wako. Kabla hujaniambia chochote unaweza kutafuta wa kwako, na ningekushauri hivyo. Lakini mahakamani utaitwa, na utashika Biblia. Amua sasa utasema nini ukiishika.

C. Haddix


Pine Lick
8 Aprili 2016

Twila,

Nimeanza hii barua mara nyingi. Sasa naimaliza hata ikitoka vibaya.

Hakuna hati. Haiko bandani, haiko kwenye sanduku. Haijawahi kuwapo.

Mwaka juzi kabla ya Shukrani nilikwenda benki wakanichapia ile fomu, nikampelekea Mama. Alikuwa jikoni anachambua maharage. Akavaa miwani, akaisoma yote, mstari kwa mstari, nikiwa nimesimama hapo kama mtoto anayesubiri ripoti ya shule. Alipomaliza akaikunja akaiweka chini ya bati la unga. Akaniambia, “Siku nikishindwa kuandika jina langu, nitakwambia. Sasa nishikie hili bakuli.” Basi, mazungumzo yakaishia hapo.

Lakini mimi nilishatangaza, Twila. Nilishawaambia kanisani, na kazini. Kila mtu anajua Garnett ndiye mkubwa, Garnett ndiye aliyebaki nyumbani, sasa niseme mama yangu kanikatalia? Ulipokuja kwa bata mzinga nikakwambia amenipa. Nilikuona uso wako ulivyobadilika. Niliona kabisa imekuuma, na Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Wewe ndiye uliyekuwa na maisha yako huko Ohio, na mimi nina greda. Nilitaka niwe na kitu kimoja ambacho wewe huna.

Hukuwa umekosea chochote. Mama hakunichagua mimi. Hakumchagua mtu yeyote. Alijichagua mwenyewe.

Sasa siku ya Sourwood. Yule binti wa mapokezi, Kayla Tackett, aliniuliza waziwazi, “Una mamlaka ya kisheria ya kumsainia?” Nikasema, “Ninayo, iko nyumbani.” Mama yuko hapohapo, Twila. Yuko kwenye kiti cha magurudumu, ameshika mkoba wake mapajani, miwani ameshavaa. Akasema, “Garnett, nipe kalamu. Jina ni langu.” Nikasema, “Pumzika Mama, haya mambo ni marefu.” Akasema tena, “Nipe kalamu nisome ninachokubali.” Nikamgeukia yule binti nikacheka, nikasema, “Mama bado anadhani ndiye anayeendesha nyumba.” Yule binti naye akacheka.  Mama akageuza uso akaangalia nje, kwenye maegesho ya magari.

Unajua kwa nini nilikuwa na haraka? Kentucky walikuwa wanacheza kikapu jioni ile. Mechi. Sikutaka kukosa mwanzo wa mechi. Angeachiwa Mama asome, angesoma kila neno, unamjua, na angefika kwenye ile karatasi ya chumba cha kufungwa angeuliza, “Na hii ni ya nini?” Asingesaini. Nami nilijua angechukua saa nzima.

Sikumbuki hata tulishinda au tulifungwa.

Nimemwandikia wakili Haddix maneno haya haya. Nitashika Biblia niyaseme. Sikuombi unisamehe, nakuomba tu ujue.

Garnett


Toledo
13 Aprili 2016

Nimesoma.

Usinipigie. Nenda ukayaseme.

T.


Pine Lick
10 Mei 2016

Twila,

Najua hujibu. Nakupa habari tu.

Yule wa Lexington amejua. Sauti imebadilika, sasa mimi si muungwana tena. Ameniandikia kwamba nikisema mahakamani nilidanganya, kampuni inaweza kunishtaki mimi kwa kuwahadaa, na kwamba nyumba yangu iko kwa jina langu, au sivyo? Alivyoliweka lile swali ni kama anauliza habari za hali ya hewa.

Nilimpelekea wakili wa zamani wa chama cha wafanyakazi, mzee Burl, akaisoma, akasema, “Wanaweza. Wanakutisha, lakini wanaweza.” Nikamuuliza, “Na nikinyamaza?” Akasema, “Ukinyamaza, watakutumia kadi ya Krismasi.”

Nimemwambia mchungaji anitoe kwenye ushemasi. Akauliza kwa nini. Nikasema Jumatano ijayo njoo mahakamani utasikia, bure kabisa, huna haja ya sadaka.

Naogopa, dada. Sitakudanganya tena hata kwenye hili.

Garnett


Toledo
22 Mei 2016

Kaka,

Hukuniona. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na bomba la kupasha joto, nimevaa kofia ya Dale. Niliendesha usiku kucha. Nilimwambia Haddix asikwambie, maana nilitaka kuona utasema nini ukidhani sipo.

Kwa hiyo ngoja nikwambie nilichokiona, maana wewe muda wote ulikuwa unaangalia viatu vyako.

Nilimwona Brenda wa posta, ndiyo, mstari wa mbele, na mfuko wa karanga. Na mchungaji. Na wenzako wote wa barabarani wamevaa yale makoti ya rangi ya chungwa, utadhani wamekuja kuziba mashimo mahakamani. Ukapanda pale ukayasema yote. Bakuli la maharage. Kalamu. Mechi. Ulipofika kwenye kucheka, ulipomcheka Mama, sauti ikakuishia, na jaji akasema, “Mpeni maji.” Nikawaza: huyu wanampa maji.

Halafu akasimama yule wa Lexington na suti yake. “Bwana Stidham, kwa hiyo unakiri wewe ni mwongo.” Ukasema ndiyo. “Basi tuambie, ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?” Ukainua kichwa, kwa mara ya kwanza siku nzima, ukasema, “Wakati ule. Wakati ule kulikuwa na mechi. Leo hakuna mechi.”

Brenda alipaliwa na karanga. Hata jaji aliuma midomo.

Akakuuliza kama unajua kampuni inaweza kukushtaki. Ukasema, “Wanishtaki. Mimi niko barabarani kila siku na gari la njano, hawatapotea.” Garnett, hiyo ilikuwa sauti ya Baba kabisa. Nilishtuka.

Halafu wakamwita yule Kayla Tackett. Nilikuja nikiwa tayari kumchukia. Kumbe ni kabinti tu, aliacha kazi pale, sasa anauza maua. Haddix akamuuliza, “Bi Zella Stidham alikuwa anajielewa siku ile?” Akasema, “Kuliko sisi wote.” “Alisema nini?” “Aliomba kalamu.” “Mara ngapi?” Akaanza kulia. “Mbili. Alisema jina ni langu. Na tulikuwa tumeambiwa, ukimpata mtoto wa mzee, usimsumbue mzee.”

 Tulikuwa tumeambiwa, anasema. Niliona mpaka karani ameacha kuandika.

Sijakusamehe ile ya siku ya Shukrani. Karibu mwaka na nusu nilidhani Mama hakuniamini. Nilikuwa nikimpigia simu, mwishoni nataka kumuuliza, nameza. Hiyo uliniibia, na hairudi.

Ila nataka ujue ilivyokuwa nikirudi Ohio. Nilisimama kituo cha mafuta, nikakaa kwenye gari, nikacheka peke yangu kama kichaa. “Nishikie hili bakuli.” Nilimsikia kabisa! Hakukuchagua wewe, hakunichagua mimi. Bibi kizee yule na mdomo wake. Nilimpata tena Mama yangu pale kituo cha mafuta, na aliyenirudishia ni wewe.

Kula vizuri. Umekonda.

Twila


Corinne Haddix, Wakili
17 Juni 2016

Kwa Bi Twila Moser na Bwana Garnett Stidham,

Jaji ametoa uamuzi asubuhi hii. Nanukuu sehemu ninayoipenda: “Mwenye akili timamu aliyekaa chumbani humo akiomba kalamu hakuwa amemkabidhi mtu yeyote kalamu yake.” Ile karatasi haifai kitu. Ombi la Sourwood limetupwa.

Watakata rufaa. Watapoteza. Itachukua muda, kwa hiyo kuleni mboga na mlale mapema.

Tunakwenda mbele ya jopo.

C. Haddix

Baada ya saini: Bwana Stidham, kinyozi wa hapa chini anasema akikuona atakunyoa bure. Sikumwambia kitu, alikuwapo mahakamani.


Pine Lick
21 Januari 2018

Twila dada yangu,

Umeondoka Alhamisi kabla hatujaongea vizuri, watu walikuwa wamekuzonga kama bibi harusi. Basi nikuhadithie upande wangu wa Jumatano, maana hukuujua.

Rufaa ilipokwisha na wale wa Lexington wakashindwa, nilidhani ndio tumefika. Kumbe kesi yenyewe ndiyo ilikuwa inaanza. Siku saba umekaa pale unasikiliza habari za mgongo wa Mama, na picha. Mimi niliposhuka kizimbani siku ya pili sikuweza kurudi ndani. Ile ya kuonyesha picha kwenye ukuta, hapana. Nikaenda kazini.

Jumanne usiku theluji ikamwagika, unakumbuka ilikuwa kiunoni. Alfajiri msimamizi anasema redioni kwamba jaji anafikiria kuahirisha, jopo hawawezi kufika, barabara zote za mabondeni zimezibwa. Na wale wa Sourwood walikuwa wanataka sana iahirishwe, wamlete yule daktari wao mpya. Nikasema, “Kuahirisha? Thubutu!”

Sikujua wanajopo wanakaa wapi na sikutakiwa kujua. Kwa hiyo nikasafisha zote, Twila. Kila barabara ya kaunti. Nikawaamsha vijana wote wa zamu, hata Hobert ambaye alikuwa na mafua, nikamwambia mafua yako yaweke kwenye gari upande wa abiria. Nilisukuma theluji Bear Branch, nikasukuma Lower Lick, nikapanda mpaka kule juu kwa wale wazee wa nyuki ambako hata posta haifiki. Mtu mmoja alitoka na nguo za kulalia akaniuliza, “Stidham, kuna nini leo, rais anakuja?” Nikamwambia, “Mkubwa kuliko yeye.”

Mchana nikiwa kwenye mteremko wa Bear Branch, redio ikalia. Ni yule mama wa zamu ofisini, Lorene. Kawaida yake anasema namba ya gari na barabara basi. Akasema, “Garnett, simamisha gari.” Nikajua. Nikasimamisha katikati ya barabara. Akasema, “Wametoka. Tisa wangetosha kutupa ushindi. Garnett, ni wote kumi na wawili.”

Wote.

Nikamuuliza walisema nini hasa. Akasema msemaji wao, yule fundi wa mabomba mwenye ndevu, alisimama akasoma kwamba Sourwood walimwacha Zella Stidham afe kwa uzembe, na kwamba walijua. Akasema, alipofika kwenye jina la Mama alilisoma lote kamili, taratibu, akamwangalia yule mwenye kampuni usoni. Na kwamba wewe ulisimama. Hakuna aliyekuambia usimame, ulisimama tu, na watu nyuma yako wakasimama mmoja mmoja, na jaji akawaacha.

Kiasi walichowatoza siandiki hapa, unakijua, na Brenda kishakitangaza mpaka Tennessee. Nilipiga honi, Twila. Peke yangu porini, theluji mpaka kwenye vioo, nilipiga ile honi mpaka mbwa wa bonde zima wakaitikia, na Lorene redioni anasema, “Achia honi, Stidham, utaleta maporomoko,” na yeye mwenyewe analia.

Yule mama wa akina Combs wa kanisani amekwenda kwa Haddix jana. Naye mama yake alikuwa Sourwood, chumba cha tatu kutoka kwa Mama. Alikuwa amesaini ile karatasi akaambiwa hana pa kwenda. Na kampuni imetuma barua kwa familia zote. Hobert amenionyesha ya shangazi yake. Kuanzia sasa hakuna karatasi ya usuluhishi, na mzee yeyote anayejielewa asomewe na asaini kwa mkono wake.

Kwa mkono wake, wamesema.

Hawakunishtaki. Mzee Burl anasema sasa hivi hawana hamu ya kuonana na mtu yeyote wa kwetu mbele ya jaji.

Kaka yako,
Garnett


Toledo
2 Februari 2018

Kaka,

Kumbe ulikuwa wewe! Yule mwanajopo wa pili, mama mwenye sweta lenye picha ya bundi, asubuhi ile alikuwa anamwambia mwenzake kwenye lifti, “Sijawahi kuona barabara yetu safi hivi tangu niolewe, nimekosa hata kisingizio.” Nikadhani anatania.

Dale amechukua barua yako akawasomea watoto jikoni kwetu. Sehemu ya honi wakamwomba airudie.

Sasa kaburi la Mama. Miaka miwili na ushee lina kile kibao cha plastiki cha nyumba ya mazishi, na jina wameliandika Stedham. Mwezi wa tano siku ya kupamba makaburi nakuja na watoto wote na keki ya tufaha. Nataka jiwe liwepo. Jina liwe sawasawa. Nakuachia wewe.

Ndiyo, nakuachia wewe. Usilie kwenye greda.

Dada yako,
Twila


Pine Lick
6 Mei 2018

Twila dada yangu,

Jiwe limefika kwa mchongaji, la kijivu, zuri, si la kujionyesha.

Alinipa kitabu cha aina za herufi nichague. Zina maua, zina mikia. Hakuna iliyofanana na Mama. Nikarudi nyumbani nikafungua lile kabati la blanketi zake za viraka. Unakumbuka kila aliyomaliza aliitarizi jina lake pembeni, kwa uzi mwekundu, kwa mwandiko wake uleule, ile Z yake ndefu kama ngazi iliyoanguka? Nikachukua ile ya bluu, ya kitanda chako cha utotoni, nikampelekea. Nikamwambia, andika hivi. Usinyooshe kitu. Akasema ile Z imepinda. Nikasema, ipindishe.

Kwa hiyo kwenye jiwe lake atasaini mwenyewe. Litaandikwa Zella Mae Stidham, kwa mkono wake. Chini yake tarehe basi.

Vijana wa barabarani wameshafyeka njia ya makaburini, na Lorene anapika kuku. Mchungaji amenirudishia sahani ya sadaka. Nimemwambia aniache nikae viti vya nyuma kwanza, nimepapenda.

Kimebaki kitu kimoja. Mchongaji kabla hajaanza anataka mtu wa familia asaini kwamba jina ni sahihi. Jana akanisogezea ile karatasi, akanipa na kalamu. “Saini hapa tu, Garnett, wewe si ndiye mkubwa?”

Nikamwambia atuvumilie kidogo, msimamizi wa mirathi yuko Ohio, anakuja Ijumaa ijayo, na yeye husoma kila neno.

Kalamu nimeiacha hapohapo mezani kwake. Inakusubiri.

Kaka yako,
Garnett